Jengo Lililokaa Juu ya Gulio Letu

Babu yangu alipohamisha zizi, ng'ombe waligoma kuingia. Zizi lenyewe lilikuwa zuri, ua wa minyaa umeshikana, lakini wao walisimama mlangoni wakinusa tu. Babu hakuwapiga. Alichota samadi ya zizi la zamani, akaimwaga katikati ya lile jipya, akaenda zake kunywa uji. Jioni wote walikuwa ndani. Shule sikufika mbali, ila hilo nililiona kwa macho yangu.

Sasa nisipotee, nilitaka kusema habari ya jengo. Nje ya Kahama, barabara ya Kagongwa, palikuwa na gulio. Utotoni nilikaa pale na bibi akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Vumbi, mbuzi wanalia, moshi wa nyama unakuingia machoni. Ukinunua kwa bibi, anakuongezea konzi ya bure, na akimwona mtoto wako, anamtia kipande mdomoni. Bibi alipofariki, mke wangu alikalia nafasi ileile.

Dhahabu ikaleta matajiri, matajiri wakaleta jengo: maduka yote ndani, halina dirisha, sakafu inang'aa, baridi ya mashine. Gulio likavunjwa. Mke wangu akauza mbuzi wake wote apate chumba mle.

"Hiki kikinikataa, sina pa kurudi," aliniambia.

Watu wa vijijini walikuja, wakaishia mlangoni. Mzee mmoja akaniuliza, "Bhabha, humo mnauza au mnatibu?" Wenzake wakacheka, wakaondoka naye.

Mke wangu, ambaye zizi la babu hakuliona, akatoa kikapu cha michembe, akakaa nacho mlangoni akigawa konzi. Basi wakaanza kuingia, mmojammoja, wanatafuna. Maduka yote yakapata uhai. Halafu akaja meneja, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Naomba kikapu kirudi ndani. Hapa si gulioni."

"Marahaba. Na hao wateja wako wa kisasa, bado wamelala?"

Mlinzi aligeukia ukuta akacheka. Lakini kikapu kilirudi ndani, na watu wakarudi nje.

Duka la nguo lilifunga, likafuata la simu. Mashine ya baridi ikazimwa, mle ndani pakawa tanuru. Mke wangu alibaki, kila asubuhi anapanga michembe iliyokwisha kutobolewa na wadudu, anasema kesho watakuja. Alisema hivyo mpaka alipougua, na hata kitandani.

Wajukuu zangu wananunua biskuti za paketi. Ukiwaambia muuzaji alikuwa anakuongezea, wanadhani babu anatunga.

Tulipomaliza matanga ya mke wangu nilikwenda kufunga chumba. Nilimpa mlinzi ufunguo, na konzi ya michembe iliyobaki.

"Pole mzee. Kesho utafungua?"

Nilitoka nje, nikashika barabara kwa miguu. Sijarudi tena.