Vitambaa vya Buluu vya Nyabusozi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi nyundo, nguzo na robota la vitambaa vya buluu na vyeusi. "Kazi yako ni kutega mbung'o, si kuhutubia," alisema. "Takwimu niletee mimi." Nilifurahi. Nilikuwa kijana mwenye diploma, na maneno ya watu niliyaona yananipotezea muda.

Mtego wenyewe ni rahisi. Mbung'o huvutwa na buluu, hutua kwenye nyeusi, kisha hupanda kuelekea mwanga na kunaswa kwenye wavu wa juu. Chini tuliweka chupa ya mkojo wa ng'ombe, maana harufu yake humwita. Nilianza Runazi, nikahamishiwa Nyabusozi, na kote nilitega kimyakimya kama mwizi.

Nyabusozi mitego yote iling'olewa ndani ya wiki moja. Niliandika kwenye ripoti, "Jamii haina mwamko," nikatega upya. Ikang'olewa tena. Nilikwenda kwa hasira hadi kwa Mama Leokadia, mjane mfugaji aliyeishi karibu na kijito. Vitambaa vyangu vilikuwa uani kwake, vimekunjwa vizuri.

"Shikamoo mama. Mbona mnaharibu mali ya serikali?"

"Marahaba. Na ninyi mbona mnatupimia mashamba?" alijibu. "Mmesimika nguzo mstari mmoja toka porini mpaka kijitoni. Hifadhi inasogezwa, tunajua. Sisi tutahamia wapi?"

Nilitaka kucheka. Lakini nyuma yake ng'ombe alikuwa amelala, mbavu nje, macho yakitoka machozi. Ilikuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Wawili walishamfia. Aibu ilinishika hasa: kinga yao nilikuwa nayo mimi, na sikuwahi kufungua mdomo.

Nilisimika mtego pale pale kijitoni huku nikieleza kazi yake, wanakijiji wakikusanyika kutazama. Jioni nilifungua wavu. Mama alimminya mbung'o mmoja kwa kidole, damu ikatoka.

"Hii ni ya ng'ombe wangu?"

"Yawezekana, mama."

Alijifuta kidole majanini. "Basi umetega pabaya, baba. Ng'ombe wanakunywa kule juu."

Mitego tuliihamishia huko juu. Yule mgonjwa alikufa, ila waliobaki walipona, na wanakijiji wenyewe wakawa wanashona vitambaa vikichanika. Nilipohamishiwa Mbuba, kule Ngara, niliitisha mkutano kabla ya kushusha mizigo.

"Siku hizi unahutubia?" Mkuu wa Kituo aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Na mitego imesimama."

Nimestaafu sasa, naishi Nyabusozi. Juzi mtaalamu kijana alikuja kujaribu chambo kipya, na kabla hajafungua mlango wa gari Mama Leokadia alikuwa keshasimama mbele yake.

"Shuka kwanza utueleze, ndipo utege."

Yule binti mtaalamu alikaa kwenye kigoda, akaeleza, akaulizwa, akaeleza tena, mpaka watu wakaanza kumchagulia sehemu za kutega. Nilimwonea wivu na kumfurahia kwa pamoja. Kwangu mimi, kujifunza kukaa kwenye kigoda kile kulimgharimu mama huyu ng'ombe watatu.