Chupa Kumi na Nne

Mzee aliyetunza stoo ya dawa ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kugusa mchezo wa kompyuta hadi Jumamosi moja ya mvua, baada ya chakula cha mchana, binti yake alipouweka mezani mbele yake. Wote wawili walijua kwa nini. Tangu walipomzika mama wa binti huyo miaka mitatu nyuma, mazungumzo yao yalikuwa yamebaki salamu na kuulizana hali ya hewa. Binti alikuja kukaa siku mbili, na ya pili ilikuwa inaishia. Mzee alitamani kwa moyo wake wote mtoto wake wa pekee asiondoke tena na kinyongo. Kwa hiyo alipoambiwa, "Njoo nikufundishe kitu, baba," alivaa miwani, akavuta kiti.

Mwanzoni aliupenda. Alitarajia makelele ya bunduki. Akaona ngome ya mawe, bendera zikipepea, na uwanja uliokatwa miraba kama sakafu ya vigae. Juu ya miraba hiyo walisimama watu watano wadogo waliokuwa chini ya amri yake: mashujaa wawili waliovaa chuma tupu, mpiga mishale, mchawi mwenye ndevu, na tabibu wa kikosi, mwanamke mfupi mwenye joho la kijani. Ng'ambo yao yalijipanga majitu yenye vichwa vya nguruwe, marungu mabegani.

"Mbona hawaji?" akauliza.

"Wanakusubiri wewe. Ni zamu yako. Ukimaliza, ndipo nao waende."

"Hata hawa nguruwe?"

"Hata hao."

"Basi wana adabu kuliko madaktari wetu."

Binti akacheka. Kicheko hicho kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba ile kwa miaka mitatu, na mzee aliinamisha uso asionekane jinsi alivyofurahi.

Alicheza kama alivyofanya kazi: taratibu, bila kukurupuka, kila mtu mahali pake. Alipofungua mkoba wa kikosi na kukuta chupa nyekundu za dawa zimepangwa safu kwa safu, alitulia kama mtu aliyeingia chumbani kwake. Kila sanduku lililofunguliwa njiani lilimwongezea chupa nyingine.

"Shujaa wako anavuja damu, baba. Mpe chupa."

"Atajikongoja."

"Mpe tu!"

"Atapumzika tukifika kambini. Hizi zina siku yake."

Hospitalini wauguzi walimbandika jina la Bwana Fomu, naye hakuchukia. Stoo yake haikuwahi kupotelewa hata na bomba la sindano. Kila kitu kilitoka kwa fomu yenye sahihi ya daktari; pasipo sahihi, hata angekuja nani, kidirisha hakikufunguka. Walimtania: "Bwana Fomu, na kupumua je, kuna fomu yake?" Naye alijibu bila kutabasamu: "Ipo, ila zimekwisha. Njoo Jumatatu."

Katika pambano la nne, darajani, jitu moja lilimpiga tabibu rungu, akapiga magoti. Mstari mwekundu ulioonyesha uhai wake ukabaki mwembamba kama uzi. Shujaa mmoja alikuwa mraba wa jirani na mkoba alikuwa nao. Mzee alisogeza kipanya hadi kwenye chupa, akasita, kisha akampeleka shujaa mbele kupigana. Zamu ikageuka. Rungu likashuka tena, na joho la kijani likalala limetandazwa juu ya mawe.

Binti akauliza: "Zimo ngapi mkobani?"

"Kumi na nne."

"Ulikuwa unamtunzia nani?"

"Mbele kuna joka. Umesema mwenyewe."

"Tabibu amekufa, baba. Huko kwa joka atafika nani?"

Mzee alitambua kwamba hawakuwa tena wakizungumza juu ya mchezo. Jumapili ile, miaka mitatu nyuma, muuguzi alikuja mbio kidirishani na fomu ya mke wake yeye mwenyewe, aliyelazwa wodi ya pili. Fomu haikuwa na sahihi. Alimrudisha akamtafute daktari wa zamu, na daktari alipatikana baada ya saa mbili. Alfajiri mama akafariki. Daktari aliapa kwamba saa mbili zile hazikubadilisha kitu, na mzee akayashika maneno hayo kama mtu apapasaye ukuta gizani. Binti hakuyashika.

"Ningetoa dawa bila sahihi kwa kuwa ni mke wangu," akasema mzee, kama alivyosema siku ya mazishi, "ningekuwa mwizi."

"Ungekuwa mwizi mwenye mke." Binti akasimama. "Nitawahi basi la saa kumi."

Akaingia chumbani, na sauti ya zipu za begi ikasikika. Mzee alibaki na kompyuta. Alikuwa ameonyeshwa jinsi ya kuanza pambano upya, akalianza. Tabibu akapigwa, akapiga magoti vilevile. Safari hii mzee alibonyeza chupa. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Yule mwanamke akainuka, akakung'uta joho lake, akaendelea na vita. Mzee alishangaa, tena kwa uchungu, jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi.

"Mwanangu! Njoo uone!"

Binti akaja, begi begani, akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Umempa," akasema.

"Nimempa. Nilipaswa kumpa tangu mwanzo."

Sauti ya binti ikashuka. "Kumpa nani, baba?"

Jina alilomwita mkewe kwa miaka arobaini lilipanda hadi kooni. Mtoto wake alisimama pale, mkono umeshika mkanda wa begi, akimngoja, na hakuonekana kuwa na haraka ya basi wala ya kitu kingine.

"Huyu tabibu," mzee akasema, akinyoosha kidole kwenye kioo.

Binti akatikisa kichwa polepole, kama walivyofanya wauguzi kidirishani walipoambiwa warudi baadaye. Akaomba kompyuta yake.