Shangazi, Maji ya Moto na Mapaja Yangu

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa korosho hapa Chiungutwa, na mbio ndizo starehe yangu. Wifi zangu hunitania kwamba hata sokoni nakwenda kama ninayefukuzwa na nyuki.

Mwaka jana niliingia mbio za kupanda mlima kwenda Newala. Jua lilikuwa kali. Huko juu maji ni ya shida, nikaona haya kuomba kikombe cha pili. Nilimaliza, lakini kesho yake mapaja yalivimba yakawa magumu kama gogo. Hata chooni nilikwenda kwa kushikiliwa.

Mama Zuhura, mkimbiaji mwenzangu, aliniambia, "Kaa kwenye beseni la maji ya baridi." Nilikaa, nikapata nafuu kidogo, kisha maumivu yakarudi. Shangazi yangu alicheka. "Baridi ya nini? Mwili uliochoka unakandwa." Yeye ndiye aliyenikanda kila nilipojifungua, nikamwamini. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanikandamiza kwa nguvu zake zote. Nililia. Jioni mkojo ulitoka mweusi kama kahawa.

Mume wangu alinikimbiza hospitali Masasi. Daktari alisema, "Misuli imeumia vibaya, uchafu wake unaziba figo. Mbio na kiu ndivyo vilivyoanza, kukandwa kwa nguvu kukaongeza. Tungechelewa, figo zingekufa." Shangazi alikaa sakafuni. Mimi niliwaza wanangu, nikaogopa sana.

Nilitundikiwa dripu, chupa baada ya chupa. Shangazi hakurudi nyumbani. Kila nilipokojoa, alipeleka kopo dirishani kutazama rangi. Asubuhi moja alirudi kitandani kwangu machozi yakimtoka. "Mwanangu, mkojo umekuwa mkojo." Wodi nzima ilicheka, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Leo nakimbia tena. Wakimbiaji wenzangu, mnaniuliza kipi bora, baridi au kukandwa. Kwangu baridi hupunguza maumivu, na mkono mwepesi wenye mafuta hulegeza misuli. Lakini hakuna kinachoshinda kunywa maji ya kutosha na kulala, miguu juu ya mto. Mkojo ukiwa mweusi, acheni yote, nendeni hospitali.

Shangazi bado ananikanda, ila sasa ananigusa kama kichanga. Inabidi nimwambie, "Kaza kidogo, shangazi. Mimi ni mzima."