Mshipi Uliofungwa Mgombani

Kuna asubuhi moja haijanitoka, mjukuu wangu, na kila nikikuona unashuka ziwani Kemondo na fimbo yako mpya ya kuvulia, inanirudia nzima. Kaa hapo. Chai ikipoa, ipoe.

Nilikuwa binti, sijaolewa. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa mwisho, maziwa hayatoki vizuri, na alichotamani ni mchuzi wa sato. Baba alikuwa kibarua mbali. Basi nikasema nitamtafutia mwenyewe.

Fimbo tulikuwa nayo. Shangazi yangu Kemilembe, dada yake baba, alipika miaka mingi kwa Mhindi mmoja mwenye duka Bukoba mjini, na familia ile ilipohama ilimwachia fimbo pamoja na rili yake. Usinicheke; ndivyo tulivyokiita kile chombo cha kuzungushia mshipi. Ndani yake kuna bobini, kama ya cherehani lakini kubwa, na mshipi mwembamba umeviringwa humo.

Shida ilikuwa umbali. Sato walikaa pale mwamba unapokatika na maji yanageuka meusi, na chambo changu kilikuwa kinaangukia huku karibu. Nikafikiri kwa akili yangu: bobini hii ni nzito, inazunguka kwa taabu, ngoja niipunguzie mshipi. Nikakata zaidi ya nusu. Mshipi mzuri hautupwi, kwa hiyo nikaenda nao kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, nikafungia mgomba uliokuwa umeinamishwa na mkungu. Nikajiona mjanja kweli.

Kesho yake chambo kikaanguka karibu zaidi. Nikatupa kwa nguvu mpaka bega likauma. Mwisho nikapanda lile jiwe la nje linaloloweshwa na mawimbi, ambalo hata wavuvi wenyewe hawakanyagi. Nikasema nikiwa hapa, kitafika.

"Wewe! Rudi huku kabla sijakufuata!"

Shangazi. Mkononi kashika mshipi wangu, umejaa utomvu wa mgomba.

"Shangazi, bado kidogo tu kifike."

"Kidogo kwa nani? Kwa sato au kwa mamba? Rudi, nimesema. Mama yako ana mtoto wa kunyonyesha, hana nafasi ya matanga."

Nikarudi nimenuna. Kopo la chambo nikalisahau kule kule jiweni.

"Na huu mshipi umefuata nini mgombani?"

"Niliupunguza, bobini izunguke upesi."

"Izunguke? Haya, tupa. Usiangalie maji, angalia bobini."

Nikatupa. Mwanangu, haikuzunguka hata kidogo! Imekaa kimya, mshipi ndio unaotoka kwa kuruka ukingo wake, duara baada ya duara. Na kwa sababu niliupunguza, ulikuwa umezama chini kabisa, kwa hiyo kila duara lilipanda na kukwaruza ukingo kabla ya kutoka. Nguvu yangu yote ya bega ilikuwa inaishia pale.

"Kibuyu cha togwa kikijaa," Shangazi akasema, "unakiinamisha kidogo tu, inatoka. Kikibaki nusu, mpaka ukibinue. Sasa wewe umekipunguza makusudi, unamlaumu nani?"

Tukakaa chini. Akausuuza utomvu, akautoa mshipi uliobaki kwenye bobini, akauviringa ule wa mgombani kwanza, akaunganisha na uliobaki juu yake, ameubana kwa vidole usilegee. Alipofika karibu na ukingo akaacha nafasi ndogo, kama unene wa punje ya mtama. Ukijaza mpaka juu, alisema, unatoka mafungu mafungu na kujifunga. Kisha akapitisha ukucha ukingoni pote kutafuta penye mkwaruzo.

"Mhindi alikuwa anafanya hivi kila Jumapili, mimi nimemshikia chapati zake."

"Na mgomba?" nikauliza.

"Umelala chini tangu nilipoufungua mshipi. Leo tunakula ebitoke, ndizi zake, ulizitaka mwenyewe."

Nikatupa nikiwa kwenye mwamba mkavu, bila kutumia nguvu. Chambo kikaenda, kikaenda, kikaangukia maji meusi. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo nicheke, wimbi likapanda lile jiwe la nje. Liliposhuka, kopo halikuwepo.

Shangazi alinishika pindo la kanga, hakuniachia mpaka sato alipovuta.

Mama alikunywa mchuzi. Mtoto yule ndiye babu yako wa Kamachumu, yule mwenye tumbo.

Sasa sikiliza. Rili yako ina bobini pana, na hilo ni jema, mshipi unatoka kwa maduara makubwa bila kusuguana sana. Lakini hata hiyo ukiiacha nusu itakunyima. Ijaze, ubakize kidogo. Pitisha ukucha ukingoni kila unapotoka nyumbani. Chambo kikiwa chepesi, tumia mshipi mwembamba. Na ukishafanya yote hayo maji meusi yakawa bado mbali, basi leo ni mbali. Rudi. Usiongeze umbali kwa miguu yako. Hapa kuna ebitoke na maharage, hakuna aliyekutuma ufe kwa ajili ya samaki.

Shangazi Kemilembe tumeshamzika, na bado kila nikiinjika mchuzi wa sato namwambia *wakola*, asante. Mungu aliyemleta ziwani asubuhi ile akutunze na wewe, mwanangu. Akupe mkono mwepesi na mshipi usiokatika, na siku utakapopanda jiwe la nje, akutumie mtu mkali wa kukugombeza mapema.