Siku tuliyorusha ndege ya kaka yangu yenye injini ya rotary, na hiyo "kafara" mnayoisema

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wengi humu mnanifahamu kwa nyuzi za spea na magari yanayochemsha. Leo sina utani, naombeni mnivumilie.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu. Ndege ndogo nyeupe inaingia ziwani upande wa Mwanza, inapinduka, halafu mtu mmoja anatoka. Chini wameandika kwamba rubani kamtoa kaka yake kafara ili apate utajiri.

Huyo rubani ni mimi. Kaka yangu ni Deo, tumbo moja baba mmoja.

Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale panapoumiza. Ukimaliza kusoma na bado unataka kafara yako, baki nayo.

Deo alikuwa fundi magari pale Igoma. Mtu wa maneno machache, mkono mzuri, mkaidi kuliko punda. Mimi nilikuwa rubani wa ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani. Siku moja nafasi ilibaki, nikampandisha. Nilipokwenda gereji kwake baadaye nikakuta amechora bawa ukutani kwa chaki, lenye vipimo vyake kabisa.

Nikacheka. Nilidhani yatapita kama homa.

Hayakupita. Alinunua ramani ya ndege mtandaoni, akaanza kuunganisha mabomba ya alumini, akashona kitambaa cha mabawa yeye na mkewe, shemeji yangu. Majirani wakamwita chizi. Alikuwa anawasalimia vizuri tu na kuendelea na kazi.

Sasa injini. Hapa wasiopenda ufundi wanivumilie kidogo.

Injini za kawaida zina pistoni zinazopanda na kushuka. Rotary haina pistoni. Ndani ina kitu cha pembe tatu kinachozunguka, basi. Ni ndogo, nyepesi, ina nguvu za ajabu, na walikuwa wanaiweka kwenye magari ya michezo. Deo aliipata kwenye gari lililogongwa. Akatoa gearbox, akaweka gia za kupunguza mzunguko wa pangaboi, akabadilisha mfumo wa mafuta, akaweka rejeta mbili chini ya pua.

Injini hii ina magonjwa mawili. La kwanza, haipendi joto. Ukiichemsha mara moja tu, sili zake za ndani zinaungua, na kwa nje huoni kitu. La pili, ukiizima ikiwa moto, kuiwasha tena ni shughuli. Inaweza kugoma nusu saa nzima.

Na zile rejeta zilitegemea upepo wa mwendo. Ndege ikiwa angani, zinapoa vizuri. Ikisimama chini inaunguruma, hakuna upepo wa maana unaopita.

Shikeni hayo, maana ndiyo yaliyomuua kaka yangu.

Vibali tulikuwa navyo. Narudia kwa wale wanaosema tulifanya kienyeji. Wakaguzi walikuja, wakaipekua ndege yote, wakatupa ruhusa ya majaribio kwa masharti. Mtu mmoja tu ndani. Watu wasiwe karibu na njia ya kurukia. Masharti mazuri kabisa, na tuliyakubali kwa roho moja.

Kwa hiyo tuliandaa vitu vya mtu mmoja. Helmeti moja. Life jacket moja. Mkanda wangu ulikuwa wa kweli, wa ndege. Kiti cha pili Deo alikifunga mkanda wa gari kwa muda, maana hakikuwa na mtu wa kukikalia.

Sehemu tuliyopata ni uwanda wa malisho mbele ya Usagara, upande wa ziwani. Tuliokota mawe, tukafukia mashimo, wafugaji wakakubali kupeleka ng'ombe kwingine siku hiyo. Njia inaelekea ziwani. Kushoto ni majabali, kulia ni nyumba za watu na mihogo.

Mimi nilitaka twende kimya kimya. Asubuhi, watu wanne, turuke, tushuke, twende tukanywe chai.

Deo akasema hapana. Wamemwita chizi miaka yote, lazima waje waone. Akaalika ukoo, akaalika padri, akaalika gereji zote za Igoma. Halafu mtu mmoja kwenye kamati (ndiyo, kulikuwa na kamati) akasema jambo kubwa hivi haliwezi kukosa mgeni rasmi.

Hapo ndipo jaribio likageuka sherehe. Mnatujua. Hema, viti vya plastiki, spika, MC. Mimi najiuliza mpaka leo nani anamwita MC kwenye ndege ambayo haijawahi kuruka.

Mgeni rasmi alikuwa kiongozi mmoja, simtaji na msinitumie PM kuuliza. Alichelewa. Watu wakakaa juani mpaka wakaanza kununa.

Vumbi la magari yake lilipoonekana, Deo akawasha injini. Alitaka mheshimiwa ashuke akiisikia. Na kwa kweli ilikuwa inalia vizuri, sauti nyembamba ya kukaza, watu wakapiga vigelegele.

Mheshimiwa akafika. Nikajua sasa tunaruka.

Thubutu. Sala ya ufunguzi kwanza. Halafu utambulisho, kila mwenye cheo asimame apunge mkono. Halafu kikundi cha ngoma. Halafu risala.

Injini inaunguruma muda wote huo. Ndege imesimama. Jua la mchana.

Nilikuwa nimeshakaa ndani nimefunga mkanda, naangalia geji ya joto. Mshale unapanda. Nikamwita Deo kwa mkono, akaja. Alikuwa amevaa suti, ile aliyofungia ndoa.

"Kaka, zima hii kitu. Inachemka."

"Nikizima haiwaki, dogo. Unaijua."

"Si tutasubiri ipoe?"

"Tusubiri mbele ya hawa? Igome mbele ya mgeni rasmi? Uso wangu nitauweka wapi?"

Akachukua ndoo, akazimwagia rejeta maji. Mshale ukashuka kidogo. Akanionyesha dole gumba, akarudi kwenye kiti chake kusikiliza risala yake ikisomwa.

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "ndugu mgeni rasmi" nainuka naondoka.

Mheshimiwa akapewa kipaza sauti. Ni mtu wa mizaha, watu wanampenda kwa hilo. Akasifu vijana wabunifu, akapongeza wilaya. Halafu akanigeukia mimi, akamgeukia Deo.

"Sasa mbona naona rubani amevaa maboya, fundi amevaa suti? Fundi, wewe hupandi? Au kuna kitu unakijua sisi hatukijui?"

Watu wakaangua kicheko. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ulikuwa mzaha wa jukwaani.

Deo naye akacheka. Halafu akainuka. Akatembea mpaka kwenye ndege, akafungua mlango wa pili, akakaa.

"Kaka, shuka. Tulikubaliana mtu mmoja."

"Nikishuka sasa hivi, hii ndege imekufa hapa hapa. Nani atakuja kuiamini kama mwenye nayo anaiogopa?"

"Huna hata life jacket."

"Twende, dogo. Mzunguko mmoja tu."

Wanaouliza kwa nini sikuzima injini nikashuka: huyo ni mkubwa wangu. Alinilipia masomo ya urubani kwa mikono yenye grisi. Watu karibu kijiji kizima wanapiga makofi. Unamfukuzaje mtu kwenye ndege aliyoshona mwenyewe, mama yake akiwa mstari wa mbele? Wewe ungeweza, hongera.

Tukaondoka. Ilikimbia sana kabla ya kunyanyuka, uzito ulikuwa umezidi. Lakini ilinyanyuka.

Niseme tu, zile dakika za kwanza zilikuwa nzuri. Nimerusha ndege za mabilioni na hakuna iliyonipa raha ile. Ilitulia mkononi. Deo alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja, anapiga kelele, "Inaruka! Dogo, inaruka!" Sijawahi kumuona vile maisha yangu yote.

Tulipofika juu ya maji nikaanza kugeuka. Hapo nikasikia harufu tamu, kama ya sukari inayoungua. Ni coolant, maji ya kupoozea injini. Anayefanya kazi na injini anaijua harufu hiyo.

Halafu moshi mweupe ukajaa kwenye kioo. Mshale wa joto ukalala mwisho. Injini haikuzimika ghafla kama za pistoni zinavyokwama. Iliendelea kuzunguka tu bila nguvu, na sisi tunashuka.

Nilikuwa nimeshaielekeza kwenye njia yetu. Urefu ulikuwa unatosha, kwa shida lakini unatosha. Ningefika.

Nikatazama mbele, njia imejaa watu.

Tulipopaa walikuwa wamekata kamba iliyowazuia na kumiminika wote kutufuata, wanacheza, wanapunga vitenge, wameinua simu. Waliona moshi wakadhani ni mbwembwe. Hakukuwa na pa kupita. Niliona mwavuli wa shemeji, na watoto wake mbele yake wanakimbia.

Nikawasha taa ya kutua, nikayumbisha mabawa. Wakapunga zaidi.

Wakuu, hapa nasema ninachoweza kuapa popote. Mimi nilikuwa naendelea kwenda. Akili yangu ilikuwa imeganda, inasema watakimbia, watakimbia tu.

Deo ndiye aliyesema, "Usishuke pale. Nenda majini."

Nikakata kulia kurudi ziwani.

Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ikigusa maji, magurudumu yananasa na ndege inapinduka. Hilo nilikuwa nalijua. Tuligusa, tukapinduka, giza, maji ya kahawia puani. Mkanda wangu nikaupiga kwa kiganja, ukaachia. Nikatoka.

Nikasimama.

Someni hapo vizuri. Nilisimama. Maji yalinifika kifuani.

Deo alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mkanda wa gari, uzito wake wote umeulalia, na kufuli haliachii likiwa limebeba uzito. Nikazama, nikabonyeza, nikavuta, nikamnyanyua mabega ili ulegee. Suti imelowa, mzito. Alikuwa ananisaidia mwanzoni. Niliisikia mikono yake kwenye mikono yangu. Nikapanda kuvuta pumzi, nikazama tena. Nikawa napiga kelele kisu, leteni kisu, na watu wako ufukweni pale, wengine bado wananyoosha simu.

Waliokuja ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wanaanika karibu. Mmoja aliingia na panga, akazama nami, akakata mkanda kwa pigo moja.

Tukamtoa. Nilimkandamiza kifua mpaka mtu akanishika mikono akaniambia, "Basi, ndugu yangu. Basi."

Sehemu hiyo haimo kwenye ile video. Mwenye nayo amebakiza kipande cha mimi kutoka majini, akaondoa nilivyorudi chini.

Injini ilifunguliwa baadaye na wanaojua. Sili za maji zimeungua. Walisema joto liliingia kabla hatujaondoka ardhini. Yaani tulipaa na injini iliyokwishakufa wakati wa hotuba.

Tangu hapo siruki. Kazi niliacha mwenyewe. Mitaa ya Igoma napita watu wananyamaza. Kuna bibi alivuka barabara ili asikutane nami. Inauma, sitawadanganya kwamba nimezoea.

Somo langu kwenu ni fupi. Kuna vijana wengi humu wanatengeneza vitu: ndege, magari, mitambo ya umeme. Tengenezeni. Lakini kitu ambacho hakijajaribiwa hakina mgeni rasmi. Kijaribuni peke yenu, kigome mkiwa peke yenu, mcheke, mrekebishe. Watu waje siku kimeshawachosha kwa kukijaribu. Na masharti ya wakaguzi yafuateni kama yalivyo, hata akisimama nani akatania.

Wale mnaofanya sherehe, mkiona mtu anataka kufanya jambo la hatari, msimchochee kwa vicheko jamani.

La mwisho.

Mama yetu anakaa Mabatini, anauza unga. Baada ya mazishi aliniita chumbani, akafunga mlango. Nikajua ameshasikia ya kafara. Hakuuliza hilo.

Akasema, "Niambie kitu kimoja tu, mwanangu. Deo aliogopa?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

Akasema, "Asante." Shemeji ananiambia usiku huo ndio mama alianza kupata usingizi.

Aliogopa, wakuu. Moshi ulipotoka alinishika goti, akaling'ang'ania. Alianza Salamu Maria akasahau katikati, akaanza upya, akasahau tena. Aliogopa kama mtoto. Na ni huyo huyo, akiwa na hofu hivyo, aliyeona watu njiani na kusema tusishuke pale.

Karibuni kwenye comments. Ya injini ulizeni, nitajibu ninachojua. Ya kafara nayo ulizeni, siwezi kuwazuia.

Ila kama kuna mtu wa Mabatini humu, ananunua unga kwa mama, hilo la kuogopa naomba asimfikishie.