Viatu vya Kwenda kwa Wakili wa Bure

Jumamosi mawakili walikuja kanisani Dandora kusaidia maskini bila malipo. Mimi nina kesi ya shamba, na pia nina mkono wa birika. Nikaficha gari mtaa wa pili, nikavaa viatu vilivyotoboka, nikapanga laini.

Mbele yangu alikuwa mama mwokota plastiki, aliyefukuzwa nyumbani na shemeji zake. Akatazama miguu yangu.

“Pita tu, mzee. Wewe maisha imekuchapa kunishinda.”

Nikapita. Nilipomaliza, wakili akafunga faili: muda umekwisha, waliobaki warudi mwezi ujao.

“Umesaidika?” mama akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Mungu ni mwema.”

Katika safu hii yangu ya gazeti nimewakemea wanyakuzi wengi, wote wenye suti. Huyu wa viatu vilivyotoboka sikuwahi kumwandika.