Hadithi ya Kengele kwa Mkono Mmoja

Kwenye shule ile ya viziwi kila mtu ana jina la mkono, na jina hilo hulichagui, unabandikwa. Mlezi wa bweni la wadogo alibandikwa kidole kinachobonyeza shavu, kwa sababu ya kishimo kinachotokea akicheka. Basi tumwite Kishimo. Alipewa jina hilo akiwa bado mtoto wa kufutwa kamasi, akasoma nalo, akaolewa nalo, na sasa watoto wanamwita nalo wakitaka kusindikizwa chooni.

Kazi yake ilikuwa kuogesha, kuchana nywele, kutafuta wenza wa soksi zilizobaki moja moja, na kusimulia Hadithi ya Kengele. Hiyo ya mwisho haina mshahara, lakini ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha.

Hadithi yenyewe ni hii. Shule ilipofunguliwa, watu wema walichangishana wakaleta zawadi: kengele kubwa ya shaba. Kengele, kwa viziwi! Mwalimu wa kwanza, mpole asiyejua kukataa kitu, akaitundika kwenye nguzo ya mti uwanjani. Asubuhi akavuta kamba. Hakuja mtu. Akavuta mpaka viganja vikatoka malengelenge. Watoto wakawa wanamwonea huruma: maskini mwalimu wetu, kila siku anagombana na kamba. Mpaka msichana mmoja aliyechoka kukimbia akaegemea ile nguzo, akaruka, akarudi taratibu, akaweka kiganja. Nguzo ilikuwa inatetemeka kama kifua cha paka aliyeshiba. Akawaita wenzake. Wakaja mbio, wakapandiana mabegani, wakaikumbatia kengele yenyewe kwa mikono yote miwili, nayo ikanyamaza kimya. Mwalimu, aliyekuwa peke yake mwenye kusikia pale, akadhani imekufa. Akazidi kuvuta.

Tangu hapo kila mtoto mgeni hupelekwa kwenye nguzo, akawekwa kiganja, kengele ikapigwa. Jioni, wakishaoga, hukaa mikekani chini ya taa na kusimuliwa ilikuwaje.

Kishimo aliirithi hadithi kwa Bi Nyusi, mlezi aliyemtangulia, mwanamke ambaye nyusi zake huwa zimeshamaliza kukugombeza mikono ikiwa bado inajipanga. Siku ya kustaafu, Bi Nyusi alimkalisha kwenye kitanda cha chuma akamwambia, "Nakuachia. Usiipunguze, usiitie chumvi. Ukiiharibu, nitajua."

"Utajuaje, bibi, na wewe utakuwa kwako?"

"Nitajua tu."

Kisha Kishimo akajifungua. Mtoto wa kike, mzito kama gunia la mchele, na mwenye maoni yake. Mgongo aliukataa kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa kiti chenye mguu mbovu. Alitaka kukaa kiunoni, ubavuni mwa mama, aone uso na aone mikono. Kama anasikia au hasikii, hakuna aliyejua bado, na Kishimo hakuwa na haraka ya kujua. Akilia, kilio kilimwingia mama kwenye mbavu, na hilo lilitosha. Akamzungushia mkono wa kushoto, akaendelea na maisha kwa ule wa kulia. Alichana, akafunga vifungo, akasimulia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mkuu wa shule alipoingia bwenini na habari. Mkuu anasikia, na mikono yake huongea polepole, kama anayeanika nguo moja moja. Alisema kuna mpiga picha anakuja. Shule inataka kuweka mambo yake ya zamani kwenye filamu yasije yakapotea, na ya kwanza ni Hadithi ya Kengele. Watasimulia watoto. Bi Nyusi ataletwa aangalie kama iko sawasawa, maana itakayoingia kwenye filamu ndiyo itakayobaki.

Kishimo akawapanga wadogo uwanjani wafanye mazoezi, akampa mtoto bakuli tupu la bati alichezee, akakaa kwenye ngazi kutazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama hadithi badala ya kuisimulia. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili.

Watoto wote, kuanzia Pengo, mtoto wa mstari wa mbele, mpaka wale vibonge wa nyuma, walikuwa wamekunja mkono wa kushoto kiunoni. Kengele ilikuwa ngumi moja inayoning'inia hewani. Mwalimu alivuta kamba kwa mkono mmoja. Na wanafunzi wa kwanza wa shule, siku ile kubwa, waliikumbatia kengele kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukiwa umebeba kitu wanachokitikisa kidogo kidogo, ili kisilie.

Kishimo akaikanyaga ardhi kwa kishindo, wakageuka. "Huo mkono una nini?"

Pengo akamshangaa. "Umebeba mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kwenye hadithi."

"Kwenye hadithi hakuna mtoto!"

"Yupo, mama. Wewe kila siku unaye."

Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama kando, akaweka kiganja mdomoni. "Yaani wanafunzi wetu wa kwanza wote walikuwa na watoto wachanga? Wageni watatufikiriaje?"

Kishimo akawanyoosha mikono mmoja mmoja. Wakaanza upya, wakakwama kwenye malengelenge. Mkono wa kushoto ulipokuwa huru uliwapotezea njia. Ulikuna kichwa, ulivuta shati la jirani. Akawanyoosha tena. Ukiwapa kisogo tu, nao umejikunja. Usiku ule hakula vizuri. Mumewe alimuuliza nani kafa.

Bi Nyusi alifika na mkoba wake na fimbo ambayo hakuihitaji. Kishimo akamwamkia kwa heshima zote, akakosa namna ya kuanza, akaacha watoto waanze wenyewe. Bi Nyusi alitazama. Unyusi mmoja ukapanda, wa pili ukaufuata, kisha zote mbili zikabaki huko juu.

"Nani amewafundisha ujinga huu?"

Pengo, kwa fahari, akabonyeza shavu lake.

"Bibi," Kishimo akasema kwa mkono wake mmoja, "ni kosa langu. Nilikuwa nimembeba."

"Naona umembeba. Bado umembeba. Lete hapa huyo, usimulie kama mtu mwenye mikono." Akamnyakua mtoto, akambandika kiunoni. Mpiga picha, asiyejua ishara hata moja, akaona watu wamejipanga, akawasha kamera.

Kishimo akasimama mbele ya nguzo. Mkono wa kushoto ulikuwa mwepesi ajabu, kama si wake, ukipanda pasipotakiwa. Kengele ilitoka imepinda. Na kwa woga wa zile nyusi akaruka mahali, akamleta msichana kwenye nguzo mwalimu akiwa hajavuta hata kamba.

"Malengelenge!" Bi Nyusi akajitupa mbele. "Malengelenge kwanza! Ataegemea nguzo iliyolala? Tazama!" Akaanza mwenyewe, kwa mkono wa kulia, fimbo ikiwa imeanguka huko. Alivuta kamba, akakunja uso kwa maumivu ya viganja, akamleta msichana, akaitetemesha nguzo kwa vidole vyake vya uzee hadi watoto wa mbele wakajishika kifua. Alikuwa moto. Alipofika kwenye kukumbatia aliikumbatia kengele kwa mkono mmoja, na wa kushoto ukamtikisa mtoto kidogo kidogo, ili asilie.

Uwanja mzima ukarusha mikono juu na kuichezesha hewani, ndiyo makofi ya viziwi. Pengo alikuwa anarukaruka. "Umeona! Umeona! Hata yeye!"

Bi Nyusi akatazama mkono wake. Akaitazama kamera na kile kijitaa chake chekundu. "Futa hiyo!"

Mpiga picha akatabasamu, akampungia mkono.

"Bibi, nimpokee mtoto?" Kishimo akauliza.

Mtoto alikuwa ameshika ukosi wa gauni la Bi Nyusi kwa ngumi mbili, akimsoma zile nyusi kwa makini, kama mtu aliyepata kitabu kizuri. Bi Nyusi akamweka sawa kiunoni.

"Mwache. Nimeshafika kwenye kukumbatia, nikimtoa sasa nitaharibu." Akawageukia wadogo. "Nyinyi, njooni nyuma yangu. Turudie tangu mwanzo. Na wale wa kwanza hawakuwa na watoto, tumeelewana? Mtu akiuliza, mwambieni huo ni mkono wa mlezi. Mlezi huwa na mtu kiunoni."

Wakajipanga nyuma yake, mikono ya kushoto imekunjwa kama askari wa gwaride. Mkuu wa shule akamwonyesha mpiga picha asimame wapi. Ilibaki kamba ya kengele tu, haina mtu. Kishimo alikuwa hana cha kufanya na mikono yake, akaenda akaishika kwa yote miwili, akavuta.